Mifupa, Misalaba na Wenyewe: Karne Tano za Watakatifu wa Wananchi wa Meksiko

Mwaka 1797 taarifa ya kutisha iliwafikia maofisa wa Mahakama ya Imani katika Hispania Mpya, nchi ambayo leo inaitwa Meksiko. Ilitoka San Luis de la Paz, mji ulio kwenye nyanda kavu za Guanajuato. Ilieleza kwamba Wenyeji wapatao 30 hukusanyika usiku katika kikanisa chao na kunywa peyote, mmea wa jangwani unaoleta njozi, mpaka akili zikawaruka. Huwasha mishumaa iliyogeuzwa kichwa chini, mingine myeusi. Hucheza na vikaragosi vya karatasi. Huichapa misalaba viboko. Halafu humchukua mtakatifu wao wa mifupa mitupu, wanayemwita Santa Muerte, yaani Mauti Matakatifu, wakamfunga kwa kamba iliyoloweshwa maji na kumtishia kwamba asipotenda muujiza wanaoutaka, atachapwa na kuchomwa moto.

Kwa maofisa wale huo ulikuwa ushirikina tu. Kwetu ni hati ya thamani kubwa, kwa kuwa ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yanayomtaja kwa jina mtakatifu ambaye sasa ana wafuasi kwa mamilioni, kutoka Tijuana hadi Chiapas, na ng'ambo ya mpaka hadi Los Angeles na Chicago. Tena hati hiyo inatuambia ni nani waliokuwa wakimwomba. Hawakuwa makuhani wa Kiazteki. Dola ya Waazteki ilikuwa imeanguka tangu 1521. Hawakuwa Wahispania. Walikuwa Wenyeji wa nchi ya Wachichimeka, raia wa tabaka la chini kabisa la koloni, na majina yao hayatajwi popote watu wanapobishana kuhusu asili ya ibada hii. Ndiyo maana nimeanza na wao.

Mabishano yenyewe yana pande mbili. Upande wa kwanza utausikia katika Soko la Sonora, Jiji la Meksiko, ambako sanamu za Santa Muerte zimepangwa pamoja na mafungu ya mitishamba na mishumaa ya kila rangi. Wauzaji wengi watakwambia kwamba bibi huyu si mwingine bali ni Mictecacihuatl, malkia wa kuzimu ya Waazteki, ambaye alijificha chini ya joho la Kikatoliki miaka yote ya ukoloni na sasa amejitokeza tena. Maelezo hayo yana mvuto. Waazteki waliamini kwamba aliyekufa kifo cha kawaida husafiri miaka minne kupitia tabaka tisa za Mictlan, akivushwa mto na mbwa, hadi afike mbele ya Mictecacihuatl na mumewe, Mictlantecuhtli. Mwaka 1994 wanaakiolojia waliochimba Nyumba ya Tai, jirani na hekalu kuu la mji wao mkuu, Tenochtitlan, walikuta sanamu mbili za udongo za mume huyo, zenye kimo cha mtu mzima. Ukisimama mbele yake katika makumbusho ya Templo Mayor utaona ini likining'inia chini ya mbavu, utaona matundu kichwani palipopachikwa nywele, na mikono imeinuliwa tayari kukamata. Anayemtazama haoni shida kuamini kwamba Meksiko imekuwa ikizungumza na mifupa tangu zamani.

Upande wa pili ni wa wanahistoria kama marehemu Elsa Malvido wa Taasisi ya Taifa ya Anthropolojia na Historia, aliyesisitiza kwamba desturi nyingi za kifo ambazo Wameksiko huzihesabu kuwa za kabla ya Wahispania zililetwa na mapadre. Ukiikagua sanamu ya Santa Muerte, ushahidi wao ni mzito. Mundu mrefu ni wa Ulaya. Joho ni la Ulaya. Mizani, tufe la dunia na saa ya mchanga vyote ni vya Ulaya, vimetoka kwenye michoro na maandamano ya wakati tauni ilipoangamiza miji huko. Vyama vya waumini wa Kifo Chema vilivuka bahari pamoja na watawa. Wala hakuna hati inayoonyesha mlolongo kutoka kwa malkia wa Mictlan hadi kwa sanamu iliyofungwa kamba Guanajuato. Katikati kuna pengo la zaidi ya karne mbili na nusu.

Naamini pande zote mbili zinatafuta mahali pasipo. Vazi ni jambo moja, na kuomba ni jambo jingine. Katika mahubiri ya Ulaya kiunzi cha mifupa kilikuwa onyo: utakufa, basi tubu. Mhubiri alikiinua, waumini wakatetemeka, wakaenda kuungama. Hakikuwa mtakatifu wa kuwashiwa mshumaa ili amrudishe mume aliyetoroka au amponye mtoto wa homa. Waliokigeuza kile kielelezo cha mahubiri kuwa mtu wa kusemezana naye walikuwa Wenyeji wa Amerika, na walifanya hivyo zaidi ya mahali pamoja. Huko Guatemala inasimuliwa kwamba mwaka 1650, tauni ilipokuwa inawamaliza Wamaya wa Kaqchikel, mzuka wa mifupa ulimtokea mgonjwa mmoja, ukajitambulisha kuwa San Pascual, na kuahidi kuondoa maradhi iwapo watu watamkubali awe msimamizi wao. Mwandishi wa koloni Fuentes y Guzmán alilihifadhi simulizi hilo, na hadi leo mjini Tuxtla Gutiérrez, Chiapas, San Pascualito wa mbao analala katika mkokoteni wake ndani ya kanisa lake. Mbali kabisa kusini, Paraguay na Corrientes ya Argentina, katika nchi ya Waguarani, yuko San La Muerte, kisanamu kidogo ambacho mara nyingi huchongwa kwa mfupa. Waguarani hawakuwahi kumsikia Mictecacihuatl. Walichofanana na watu wa Guanajuato na wa Guatemala ni kuwa chini ya mapadre waliohubiri kwa mifupa, na kuwa watu waliozika mno.

Na kweli walizika. Ndui iliingia Tenochtitlan mwaka 1520. Mwaka 1545 na tena 1576 ukaja ugonjwa walioutaja kwa jina la cocoliztli, uliomaliza vijiji vizima. Katika nchi ya namna hiyo kifo hakikuhitaji mhubiri wa kukitambulisha. Kilikuwa ndani ya nyumba, na watu wakaanza kukipa masharti.

Niseme pia kwamba hata ile kamba ya maji na vitisho vya viboko si ushahidi wa damu ya Kiazteki. Ulaya ya kale ilikuwa na mazoea ya kuwaadhibu watakatifu wasioitikia, kiasi kwamba Mtaguso wa Lyon wa 1274 ulilazimika kupiga marufuku jambo hilo. Kwa hiyo mizizi ya Wenyeji haithibitiki kwa kuokota ishara moja moja na kuuliza ilitoka wapi. Kipimo ninachokiamini ni kingine: nani alimtunza mtakatifu, nani aliamua la kumfanyia bila kuomba ruhusa, na nani aliadhibiwa kwa ajili yake.

Kwa kipimo hicho historia inakuwa ndefu. Inaanzia kwenye kilima cha Tepeyac, kaskazini ya Jiji la Meksiko, ambako inaaminika Bikira Maria alimtokea Mwenyeji aitwaye Juan Diego Cuauhtlatoatzin mwezi Desemba 1531. Leo Bikira huyo, Guadalupe, ni bendera ya taifa zima, na padre Hidalgo aliiinua picha yake alipoanzisha vita vya uhuru mwaka 1810. Lakini katika karne yake ya kwanza viongozi wa dini hawakukubaliana juu yake hata kidogo. Septemba 1556 Mfransisko Francisco de Bustamante alisimama mimbarani akamlaumu askofu mkuu Montúfar kwa kuishabikia picha ambayo, alisema, ilichorwa na Mwenyeji aitwaye Marcos. Mwaka 1576 Bernardino de Sahagún, mtawa aliyeijua lugha ya Nahuatl kuliko karibu Wahispania wote wa zama zake, aliandika kwa wasiwasi kwamba hapo Tepeyac palikuwa na hekalu la mama wa miungu, Tonantzin. Alishangaa kwamba watu walikuja kutoka mbali sana kama walivyokuja zamani, hali makanisa ya Bikira Maria yalikuwa kila mahali na hawakuyaendea. Sahagún aliliona hilo kuwa hila ya shetani. Mimi naona watu waliojua njia ya kwao na kukataa kuiacha.

Kule kusini kukataa kama huko kulimwaga damu. Mwaka 1712 katika kijiji cha Cancuc, nyanda za juu za Chiapas, msichana wa Kitzeltal, María López, alisema amemwona Bikira Maria. Kijiji kikajenga kikanisa. Askofu Álvarez de Toledo alikuwa amewachosha watu kwa ada za ziara zake, na mapadre wakaamuru kikanisa kibomolewe. Wenyeji wakakataa, na kufikia Agosti vijiji vya Watzeltal, Watzotzil na Wachol vilikuwa vimeungana chini ya Bikira wa Cancuc. Waliwasimika mapadre wao wenyewe, wakaendesha misa na kubatiza. Hapo ndipo kosa lao lilipokuwa kubwa machoni pa wakoloni. Hawakuutupa Ukristo, walisema ni wao. Majeshi ya Hispania yaliiteka Cancuc mwezi Novemba mwaka huohuo.

Mwaka 1850, katika misitu ya mashariki mwa rasi ya Yucatán, Wamaya waliokuwa vitani tangu 1847 dhidi ya wenye mashamba makubwa walipata msalaba kando ya kisima cha asili, na msalaba huo ukaanza kuwapa amri. Mahali hapo pakawa mji, Chan Santa Cruz, na watu wakajiita watu wa Msalaba. Ni kweli kwamba aliyekuwa mstari wa mbele mwanzoni, José María Barrera, alikuwa chotara, na wapo wanaolitumia jambo hilo kudai kwamba ibada si ya Kimaya. Dai hilo halina uzito kwangu. Waliokufa kwa ajili ya Msalaba Unaosema kwa nusu karne walikuwa Wamaya, hadi Jenerali Ignacio Bravo alipoingia mjini mwaka 1901. Misalaba ilihamishiwa vijijini, na huko, kwa mfano Xcacal Guardia, walinzi bado hupokezana zamu. Misalaba huvishwa nguo zenye taraza za Kimaya. Haijawahi kukabidhiwa kwa askofu yeyote.

Nitakaa zaidi kwa Teresa Urrea, kwa sababu kwake mambo yote haya yanakutana. Alizaliwa Sinaloa mwaka 1873. Mama yake alikuwa Mtehueco, Mwenyeji aliyetumika. Baba yake alikuwa mwenye shamba kubwa. Alikulia Cabora, Sonora, akajifunza mitishamba kwa mganga mzee wa nyumbani. Mwaka 1889, akiwa na miaka 16, alipoteza fahamu kwa muda mrefu hata, inavyosimuliwa, jeneza lake likaandaliwa. Alipozinduka alianza kuponya. Alichanganya udongo na mate akampaka mgonjwa, akamshika mikono, akazungumza naye. Watu walikuja Cabora kwa maelfu, wengi wao Wamayo, ambao hujiita Wayoreme, na Wayaqui, mataifa mawili ambayo serikali ya Porfirio Díaz ilikuwa inawanyang'anya ardhi ya mabonde yao. Miongoni mwa Wamayo wakatokea vijana waliohubiri kwamba mafuriko yanakuja na dhuluma itafagiliwa. Mwaka 1890 askari waliwakamata vijana hao, na watu wakapelekwa kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Santa Rosalía, ng'ambo ya Ghuba ya California. Tarehe 15 Mei 1892 Wamayo waliushambulia mji wa Navojoa huku wakilitaja jina la Mtakatifu wa Cabora. Siku chache baadaye Teresa na baba yake walifukuzwa nchini, wakavuka kwenda Arizona. Mwezi Oktoba jeshi likakiteketeza kijiji cha milimani cha Tomóchic, ambacho wakazi wake nao walimkubali Teresa kuliko mapadre.

Yeye mwenyewe alikana kuchochea vita. Aliendelea kuponya uhamishoni hadi alipofariki Clifton, Arizona, mwaka 1906. Kanisa halikumtambua kamwe, na halikuhitajika kumtambua: wagonjwa walishamtambua.

Si kila mtakatifu wa wananchi ana historia ya aina hii, na si haki kuwabandika wote asili ya Wenyeji. Jesús Malverde wa Culiacán, anayesemekana kunyongwa mwaka 1909 baada ya kuwaibia matajiri na kuwagawia maskini, hana hata hati moja inayothibitisha kwamba aliishi, na uso wa sanamu yake unafanana na wa nyota wa filamu Pedro Infante. Juan Soldado, askari aliyepigwa risasi hadharani Tijuana mwaka 1938 kwa kosa la kumuua mtoto, aligeuka mlinzi wa wanaovuka mpaka. Niño Fidencio wa Espinazo, mganga aliyetembelewa na Rais Plutarco Elías Calles mwezi Februari 1928, aliacha ibada ambayo mwaka 1993 ilisajiliwa kuwa kanisa. Hawa ni watoto wa reli, mpaka na jangwa, wa Meksiko ya machotara. Waliloazima kwa Wenyeji ni utaratibu: nadhiri, malipo, ngoma, mitishamba, na kumwendea marehemu bila mtu wa katikati.

Sasa tuje kwenye umiliki. Baada ya mapinduzi ya 1910 taifa jipya lilihitaji nasaba, likaichagua ya Waazteki. Mchoro mashuhuri wa José Guadalupe Posada, fuvu la mwanamke mwenye kofia ya manyoya, hapo mwanzo uliwadhihaki Wenyeji waliojifanya Wazungu. Mwaka 1947 Diego Rivera alimchora upya ukutani, akamvika mwili, akamfungia shingoni nyoka wa mungu Quetzalcoatl, na tangu hapo mwanamke huyo, Catrina, akawa mama wa taifa. Mchoro wa kumsuta Mwenyeji umekuwa nembo ya fahari ya Uenyeji. Wakati Juan Diego alipotangazwa mtakatifu na Papa Yohane Paulo II tarehe 31 Julai 2002, picha rasmi iliyosambazwa ilimwonyesha akiwa na ndevu nzito na sura ya Kihispania, na wengi walikasirika, kwa haki kabisa. Taifa hili linampenda Mwenyeji akishakuwa jiwe la makumbusho. Aliye hai, anayezungumza lugha yake sokoni, ambaye sensa ya 2020 ilimhesabu miongoni mwa watu zaidi ya milioni 7, huyo hupewa nafasi ya kucheza mbele ya watalii.

Kisha kuna soko. UNESCO iliiandikisha sikukuu ya Wafu mwaka 2008, ikiitaja kuwa ya Wenyeji. Miaka mitano baadaye, Mei 2013, kampuni ya Disney iliomba kusajili maneno Día de los Muertos kuwa alama yake ya biashara. Kelele zilipozidi, ikaondoa ombi. Naye Santa Muerte aliingia katika tamthilia za televisheni za Marekani akiwa kitambulisho cha wauaji. Sura hiyo ilimgharimu. Mwezi Machi 2009 askari wa Meksiko walibomoa zaidi ya vibanda 30 vya ibada yake Nuevo Laredo, kana kwamba kila mama aliyewahi kuacha tufaha pale alikuwa jambazi.

Tofauti ya wenye kutumia na wenyewe inaonekana vizuri zaidi Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko, kwa Niñopa, Mtoto Yesu wa mbao mwenye umri wa karne nne na zaidi. Haishi kanisani. Kila tarehe 2 Februari anahamia nyumba ya msimamizi mpya, na orodha ya wanaosubiri zamu inafika miongo kadhaa mbele. Familia inayompokea hujenga chumba chake, humvika asubuhi na kumlaza usiku, humtembeza kwa wagonjwa, na hulisha yeyote anayeingia mlangoni, siku 365. Mwezi Desemba chakula hupikwa kwa masufuria ya mamia ya watu. Wapo wanaoweka akiba maisha yao yote kwa ajili ya mwaka huo mmoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mgeni anayepiga picha kwa dakika mbili hawezi kuujua uzito wake. Paroko huheshimiwa na hualikwa. Mtoto ni wa mitaa.

Tepito, mtaa wa wachuuzi katikati ya jiji hilohilo, kumezaliwa utaratibu wa namna hiyo bila kijiji wala nasaba. Enriqueta Romero, aliyekuwa akiuza vitafunio mlangoni kwake, aliitoa sanamu kubwa ya Santa Muerte barazani mwaka 2001, mkesha wa siku ya Watakatifu Wote. Hadi wakati huo watu walimwomba kwa siri, nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Sasa kila tarehe mosi ya mwezi mtaa hujaa watu waliobeba sanamu zao mikononi kama watoto wachanga. Wanampulizia moshi wa sigara, wanamwekea tekila, na rozari inasaliwa kwa sauti. Aliyejaribu kumfanyia kanisa rasmi, David Romo, alifutiwa usajili na serikali mwaka 2005. Kardinali Ravasi wa Vatikani alisema mwaka 2013 kwamba ibada hiyo ni kufuru. Tarehe mosi zimeendelea.

Mwezi Januari 2022 Meksiko ilitangaza sheria ya shirikisho inayotambua kwamba urithi wa kitamaduni wa jamii za Wenyeji na Wameksiko wenye asili ya Afrika ni mali yao kwa pamoja, na kwamba wa nje hana ruhusa ya kuutumia bila ridhaa yao. Naiunga mkono sheria hiyo. Kwa Msalaba Unaosema inafanya kazi: mwenye kiwanda cha fulana au mtengeneza filamu anayeutaka ana mahali pa kwenda, kuna walinzi wa zamu na wazee wa Xcacal Guardia, na wana haki ya kumwambia hapana. Kwa Teresa wa Cabora, Wayoreme wana haki ya kuulizwa kabla ya yeyote Sonora au Arizona kumgeuza chapa. Kwa Santa Muerte haifanyi kazi, kwa kuwa Tepito si jamii ya Wenyeji kisheria, na Wachichimeka waliomfunga kamba hawajawahi kuulizwa lolote na mtu yeyote. Kupeleka hati ya kummiliki kwa Waazteki waliokufa kungeiridhisha wizara ya utalii, si wao. Wazao wao bado wanaishi San Luis de la Paz, katika mtaa wa Misión de Chichimecas, na lugha yao bado inazungumzwa huko. Kama kuna tume itakayoketi kulijadili jambo hili, ianzie hapo.